Kamusi Elezo Iliyokosa Wenyewe

Mwaka 2025 Greenland ilikuwa midomoni mwa watu kuliko wakati wowote ule. Januari mtoto wa Donald Trump alitua Nuuk kwa ndege ya baba yake. Machi wananchi walipiga kura huku vyombo vya habari vya dunia nzima vikiwakodolea macho. Mwaka huohuo kamati ya lugha ya Wikimedia ilikubali kuifunga Wikipedia ya Kikalaallisut, lugha kuu ya kisiwa hicho, iliyokuwa imeanza mwaka 2003. Habari hiyo ya mwisho haikumshtua mtu. Ombi la kuifunga lilitoka kwa msimamizi wake mwenyewe, Mjerumani aliyejifunza lugha hiyo ukubwani, naye alilipeleka baada ya kukaa miaka akifuta ukurasa mmoja baada ya mwingine.

Alipoishika kazi hiyo alikuta makala yapatayo 1,500. Karibu yote yaliandikwa na watu wasioijua lugha. Wa zamani waliokoteza maneno kamusini na kuyapanga yafanane na sentensi. Wa karibuni walichukua makala ya Kiingereza, wakayatia kwenye mashine ya kutafsiri na kubandika kilichotoka. Kulikuwa na mistari ambayo haikuwa lugha yoyote, herufi tu zilizofuatana. Ukurasa mmoja ulisema Kanada ina wakazi 41. Bila shaka aliyeubandika alikuwa na milioni 41 mkononi, na “milioni” ikapotelea njiani. Mgreenland yeyote angeuona upuuzi huo kwa mtupo mmoja wa jicho. Ila hakuna Mgreenland aliyekuwa akiusoma.

Rahisi ni kuitupa habari hii kwenye kapu la lugha zinazokufa, kisha tuendelee na mengine. Lakini Kikalaallisut si lugha mahututi. Greenland ina watu wapatao 57,000, na walio wengi hukua wakiisema nyumbani. Tangu Juni 2009, sheria ya kujitawala ilipoanza kazi, ndiyo lugha rasmi pekee ya nchi. Inasikika bungeni, inatangazwa na redio ya taifa, KNR, inafundishiwa watoto, na ina taasisi yake ya serikali, Oqaasileriffik, inayopitisha istilahi na kutunza kamusi. Ni kweli kwamba wasemaji wa kaskazini ya mbali, kule Qaanaaq, na wale wa pwani ya mashariki wana lugha zao za Kiinuit ambazo hali yake ni tete zaidi. Wikipedia, hata hivyo, ilikuwa ya lugha ya magharibi, ile yenye nguvu. Wamaasai, Wahadzabe na Waogiek wangetamani robo ya ulinzi huo kwa lugha zao. Kwa hiyo swali la haki ni hili: lugha yenye bunge, shule na redio ilishindwaje kuweka hata kurasa mia za kweli mahali ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kuandika bure?

Wasiojua historia ya huko wangejibu kwamba hawa ni watu wa masimulizi ya mdomo, kalamu si jadi yao. Jibu hilo halina ukweli. Mwaka 1861, huko Nuuk, ilipoitwa bado Godthåb, lilitoka toleo la kwanza la Atuagagdliutit, gazeti la Kikalaallisut. Sisi tulisubiri miaka 27 zaidi kupata Msimulizi, gazeti la Kiswahili lililochapwa na wamisionari wa Kiungani, Unguja, mwaka 1888. Aliyelianzisha gazeti la Nuuk alikuwa mtawala wa Kidenmark, Hinrich Rink, lakini mhariri wake wa kwanza, Rasmus Berthelsen, alikuwa Mgreenland, na aliyempokea, Lars Møller, alikuwa Mgreenland pia. Møller alihariri, akapiga chapa, akachora, na akalishika gazeti hilo kwa karibu nusu karne. Liligawiwa bure. Lilisafiri na mitumbwi ya ngozi wakati wa kiangazi na sileji za mbwa wakati wa baridi, likifuata pwani ndefu isiyo na barabara hata moja. Wawindaji walituma simulizi zao: nani alipinduliwa na dhoruba akaokoka, sili walihamia wapi mwaka huo, nini kilimpata mtu fulani juu ya barafu. Kufikia mwaka 1914 Mathias Storch alikuwa amechapisha riwaya ya kwanza ya lugha hiyo.

Ukilinganisha gazeti hilo na Wikipedia iliyofungwa, utaona kwamba teknolojia ndiyo tofauti ndogo kuliko zote. Gazeti lilikuwa na mtu aliyelipwa kukaa mezani na kukataa upuuzi. Lilikuwa na mwandishi aliyejua atasomwa na nani: binamu yake wa bandari ya pili, ambaye akiongopewa kuhusu sili atajua. Tena lilikuwa na msomaji asiye na pengine pa kwenda. Wikipedia ya 2003 haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mhariri wake alikuwa mtu yeyote mwenye intaneti, popote alipo, na kwa miaka mingi mtu huyo aliishi Ulaya au Marekani, akiipenda lugha kwa mbali kama wanavyopenda wengine kukusanya stempu.

Msomaji naye alikuwa na mlango mwingine. Mgreenland aliyesoma hadi sekondari anajua Kidenmark, kwa sababu masomo ya juu hayafuatiki bila hicho, na Wikipedia ya Kidenmark ina makala yapatayo laki tatu. Kijana wake anajua Kiingereza cha gemu na TikTok. Akitaka kujua Kanada ina watu wangapi, kwa nini aende kwenye tovuti yenye kurasa 1,500? Wapenzi wa lugha ndogo huwa hawapendi kuulizwa swali hili. Tumezoea kusema kwamba kila lugha inastahili kamusi elezo yake, na hakuna anayebisha. Ila kustahili ni jambo moja, na kuwepo kwa mtu atakayeamka asubuhi akihitaji kusoma habari za Kanada kwa lugha hiyo ni jambo jingine kabisa.

Isidhaniwe kwamba Wagreenland wako nje ya mtandao. Mwaka 2009, mwaka uleule wa kujitawala, kebo ya chini ya bahari iliiunganisha Nuuk na Iceland upande mmoja na Kanada upande wa pili. Mbali na miji ya kusini-magharibi huduma bado ni ya kusuasua. Pwani ya mashariki na kaskazini ya mbali hutegemea setilaiti, na kampuni ya simu ni moja tu, ya serikali. Hata hivyo watu wamo. Facebook ndiyo baraza la nchi nzima: ndimo zinamouzwa boti na pikipiki za theluji, ndimo wanamogombana kuhusu madini na Denmark, ndimo salamu za rambirambi zinamopelekwa. Na sehemu kubwa ya hayo ni Kikalaallisut, pamoja na tahajia za ovyo na utani ambao mgeni hauoni.

Sisi wa huku tunaijua hali hiyo. Ingia grupu la WhatsApp la ukoo wa Kimaasai, Longido au Kajiado. Mzee hagusi herufi. Anabonyeza kidude cha maikrofoni na kuzungumza dakika tatu mfululizo: majani yako upande upi, ng'ombe waliuzwaje mnadani, nani achangiwe nauli ya hospitali. Kwanza anasalimia kwa mpangilio wa rika, na asiyejua rika lake atajulikana kwa jinsi atakavyojibu. Anajibiwa kwa sauti, na mwingine wa Nairobi anadakia, na wa Arusha. Ni Kimaasai kilichonyooka kuliko kilichomo katika kitabu chochote. Mzee huyohuyo akilazimika kuandika, tuseme anamwandikia mtendaji wa kijiji, anaandika Kiswahili. Voisi zile zikishasikilizwa hujazana kwenye simu, simu ikijaa zinafutwa. Kimaasai hakina Wikipedia, na ukikitafuta kwenye intaneti ya wazi utapata tafsiri ya Biblia, orodha za maneno za wataalamu wa isimu, na kurasa za watalii.

Hapo ndipo ninapoliona tatizo lenyewe. Watu wa jamii za asili wameingia mtandaoni kwa wingi, na lugha zao wameingia nazo. Lakini wameingia vyumbani, na milango ya vyumba hivyo inamilikiwa na kampuni za mbali. Uwanja wa nje, ule unaosomeka na yeyote na unaobaki kesho, wameuacha. Wana sababu nzuri za kuuacha: ndani kuna ndugu, nje kuna wageni. Ila uwanja ulioachwa haukai mtupu, na walioujaza katika lugha hizi ni watu wasiozisema.

Zamani madhara yangekuwa madogo. Ukurasa mbovu usiosomwa na mtu ni aibu tu. Mambo yamegeuka kwa sababu siku hizi msomaji mkubwa wa uwanja huo ni mashine. Programu za kutafsiri na za akili unde hujifunza lugha kwa kumeza maandishi yaliyoko wazi, na kwa lugha isiyo na vitabu vingi mtandaoni, Wikipedia huwa sehemu kubwa ya chakula hicho. Programu inameza sentensi za mtu aliyeokoteza kamusini, inatema tafsiri inayofanana nazo, mtu mwingine mwenye nia njema anaichukua tafsiri hiyo na kuibandika kama makala mapya, na programu ya mwaka unaofuata inayameza tena. Watafiti wengi, wakiwemo Waafrika kadhaa, walikagua mikusanyo 205 ya maandishi ya lugha mbalimbali iliyozolewa mtandaoni na kuchapisha matokeo mwaka 2022. Angalau mikusanyo 15 haikuwa na maandishi hata kidogo yanayofaa. Katika mingine mingi, sentensi zinazokubalika hazikufika nusu. Makosa hayo yangeweza kuonwa na msemaji wa kawaida wa lugha husika ndani ya dakika chache, kama angeitwa kutazama.

Kikalaallisut kinaumia hapo kuliko lugha nyingi, kwa sababu ya maumbile yake. Neno lake moja linaweza kurefushwa kwa viambishi hadi likafanya kazi ya sentensi nzima, na mpangilio wa viambishi hivyo haukisiwi. Sisi tuliozoea “hatutawapelekea” tunaweza kupata fununu, ingawa Kiswahili ni chepesi mno kikilinganishwa nacho. Mashine inayojifunza kwa kukisia kipande kitakachofuata huhitaji mifano mingi sana ya kweli kabla haijalikamata umbo kama hilo. Ikipewa mifano michache, tena ya uongo, inatoa maneno marefu yenye sura ya Kikalaallisut ambayo hayana maana. Juni 2024 Google iliongeza lugha 110 kwa mkupuo kwenye programu yake ya kutafsiri, Kikalaallisut kikiwemo. Tangu siku hiyo mtu yeyote, awe Brazil au Berlin, anaweza kutengeneza ukurasa wa Kikalaallisut kwa kubofya.

Nisitupe lawama zote kwa mashine. Ugonjwa wa kuhesabu makala ulikuwapo kabla yake. Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni sita na inaifuata ile ya Kiingereza kwa wingi. Karibu yote yalitengenezwa na programu ya Mswidi mmoja iliyogeuza orodha za viumbe na maeneo kuwa kurasa za mistari miwili mitatu. Huko Uskoti iligunduliwa mwaka 2020 kwamba maelfu kwa maelfu ya makala ya Kiskoti yaliandikwa na kijana wa Kimarekani asiyekijua. Alianza akiwa mtoto, kwa nia safi, na kwa miaka hakuna aliyemzuia.

Na sisi tusijitoe. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo, kompyuta na simu zikiwa miongoni mwa zawadi. Makala yalimiminika. Mengine yalikuwa mazuri, mengine yalikuwa Kiingereza kilichopitishwa kwenye mashine, maana Kiswahili kilikuwa kimeingizwa kwenye programu hiyo ya kutafsiri miezi michache tu kabla. Zawadi zilipogawiwa, washiriki karibu wote walitoweka. Waliobaki na kazi ya kusafisha walikuwa wachache waliokuwepo tangu mwanzo, na baadhi yao Kiswahili si lugha yao ya kwanza. Wikipedia yetu leo ina makala zaidi ya 80,000. Ni lugha inayosemwa na makumi ya mamilioni ya watu, inayofundishwa Beijing na Berlin, na bado uwanja wake wa wazi unashikiliwa na watu unaoweza kuwakalisha kwenye daladala moja.

Wako walioamua kufanya kinyume, yaani kutomwaga kitu uwanjani. Kaitaia, kaskazini mwa New Zealand, kituo cha redio cha Wamaori kiitwacho Te Hiku Media kilikuwa na hazina ya sauti za wazee iliyokusanywa kwa miongo. Mwaka 2018 kiliwaomba watu wasome sentensi za Kimaori na kujirekodi, na ndani ya siku kumi zikapatikana saa zaidi ya 300 za sauti. Kwa sauti hizo wakajenga programu yao ya kutambua usemi. Kampuni za nje zilipobisha hodi na pesa, walizikatalia. Waliweka leseni yao wenyewe inayosema kwamba wao ni watunzaji wa data kwa niaba ya watu wao, na hakuna wa kuiuza. Naiheshimu sana hatua hiyo. Lakini mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilipotoa programu yake ya kutambua usemi, Kimaori kilikuwemo, kikiwa kimezolewa saa kwa saa kutoka mtandaoni bila Te Hiku kuulizwa. Mlango wao ulikuwa umefungwa vizuri, na kwa kampuni ile, hilo halikuwa kizuizi. Ilichukua kilichokuwa nje.

Jambo linalopatikana kwa nadra ni lile la Wasami wa Inari, kaskazini mwa Finland. Wasemaji wao ni mamia tu, sehemu ndogo sana ya wasemaji wa Kikalaallisut. Tangu 1997 wana shule za chekechea ambamo watoto hulelewa kwa lugha hiyo peke yake, na watu wazima walioipoteza wakafundishwa upya. Wikipedia yao, iliyofunguliwa mwaka 2020, ina maelfu ya makala yanayosomeka, kwa sababu inaandikwa na watu walewale wanaofundisha, na mwanafunzi anayekosea kule anakutana na mwalimu wake dukani. Kwao tovuti ni daftari la kazi inayofanyika mahali pengine. Greenland ilikuwa na walimu wengi zaidi, wahariri wengi zaidi, na watangazaji. Haikutokea kwamba wajibu wa hata mmoja wao ukawa kuitazama Wikipedia. Oqaasileriffik ilijenga mashine yake ya kutafsiri kwa kanuni za sarufi zilizoandikwa na wataalamu, kazi ya polepole na ya maana, lakini iliijenga kwenye tovuti yake yenyewe. Tovuti ile ya hadhara, inayolishwa kila mashine duniani, ilikuwa mikononi mwa Mjerumani mmoja.

Kuifunga ulikuwa uamuzi sahihi. Waliopinga walisema kwamba lugha ikipoteza Wikipedia inapoteza hadhi, na kwamba makala mabaya yangeweza kurekebishwa. Na nani? Kwa miaka 22 fundi huyo hakujitokeza, na hadhi inayosimama juu ya sentensi ambazo mwenye lugha hazielewi si hadhi ya kuilinda. Kinachonisumbua ni kwamba kufunga hakurudishi kilichokwisha kuliwa. Kurasa zile 1,500 zilikuwa wazi kwa miaka, zikinakiliwa kila mara kwenye mikusanyo ambayo kampuni hutumia kufundishia programu zao. Msimamizi angeweza kuufuta ukurasa wenye Kanada ya watu 41, lakini hana namna ya kuifuta nakala iliyoko kwenye diski za watu wengine, wala kujua iko wapi.

Kwenye orodha ileile ya Juni 2024 kulikuwa na Kijaluo, Kiacholi, Kialur, Kibemba na Kirundi. Kirundi kina Wikipedia yake tayari, ndogo, yenye wahariri wachache mno. Kikikuyu, ambacho hakikungoja orodha hiyo kuanzisha yake, hali ni hiyohiyo. Wasemaji wapo kwa mamilioni, wengi wao wakiwa na simujanja mfukoni, wakirusha voisi asubuhi hadi usiku. Kubandika makala sasa ni kazi ya dakika moja. Kazi ya kuyasoma, kuyakataa na kumwambia aliyebandika kwamba amekosea ingali ni ya mtu, huchukua jioni nzima, na katika tovuti hizi zote mbili hakuna anayelipwa kuifanya.